Kilifi kwa mara ya kwanza, nikifuata sukari

Nilikuwa sijapata kuvuka mpaka wa Horohoro. Nimezaliwa Muheza, nimesomea Tanga mjini, nimeandika habari za afya mpaka mvi zimeanza kunitoka, na Kenya ilikuwa kwangu ni sauti za redio usiku na majina ya ndugu wa upande wa mama waliohamia Kwale. Kilichonitoa nyumbani safari hii ni sukari. Si ile ya chai wala ile ya ugonjwa wa kisukari, ambayo tumekwisha kuiandika sana, bali zile sukari changamano, ndefu na zenye matawi, ambazo kila seli ya mwili wa binadamu imejivika, na ambazo bakteria wengi nao hujivika. Nilitaka kufika Kilifi kwa sababu huko ndiko ilikopimwa, nyumba kwa nyumba, kwamba sukari ya bakteria ikitiwa ndani ya chanjo kwa ufundi unaostahili, watoto huacha kuugua kwa wingi.

Nilikuwa na sababu ya karibu zaidi pia. Dada yangu alipata mimba yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuwa na homa. Alipotobolewa kidole, damu ilionekana safi. Mtoto alizaliwa mdogo sana, akaishi wiki chache tu, na kondo la nyuma lilipochunguzwa lilikutwa limejaa vimelea vya malaria. Mama yetu aliuliza imekuwaje malaria ijae kwenye kondo na damu ya kidoleni iwe safi, na siku ile hakuna aliyemjibu.

Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa makondo ya wanawake waliojifungua Kenya. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, hujitahidi kisizunguke ovyo na damu, maana kikipita kwenye wengu kitachujwa na kuharibiwa. Kwa hiyo chembe nyekundu iliyovamiwa huota vishikio vya protini juu ya utando wake na kujibandika kwenye kuta za mishipa. Fried na Duffy waliona kwamba vimelea vya kwenye kondo havishiki mahali vinaposhika vingine. Vinashika sukari moja ndefu iitwayo kondroitini salfeti A, ambayo kondo limejaa. Mwanamke ambaye hajapata kubeba mimba hana kondo, kwa hiyo kimelea chenye kishikio hicho hakijawahi kupata makao ndani yake, na mwili wake haujatengeneza kingamwili za kukizuia. Hata awe ameugua malaria mara ngapi tangu utotoni, hiki kwake ni kipya. Mimba ya pili na ya tatu humkuta ana kinga. Ya kwanza humkuta mikono mitupu.

Watafiti hao walikuja baadaye kufanya kazi Muheza, kwa wajawazito wa kwetu, na mengi yanayojulikana leo kuhusu malaria ya kwenye kondo yametokana na damu na makondo ya akina mama wa wilaya yangu. Nilipoyasoma hayo, miaka mingi baada ya msiba wetu, nililia. Kisha nikaanza kusoma kila nilichopata kuhusu sukari za mwilini, na kila niliposoma, jina la Kilifi lilijitokeza.

Basi liliondoka Tanga alfajiri. Pale Horohoro afisa wa afya aliikagua kadi yangu ya njano, akanitakia safari njema, na nikajikuta Lunga Lunga, minazi ile ile, Kiswahili kikianza kubadilika lafudhi. Abiria aliyekaa kando yangu, mama wa makamo aliyekuwa anarudi Ukunda, aliponiuliza naenda kufanya nini, nilimwambia ukweli. Akashangaa kwamba mwilini mna sukari nyingine zaidi ya ile inayopimwa na daktari.

Nikamweleza nilivyoweza. Asidi amino za protini huungana mstarini, moja nyuma ya nyingine. Ukichukua asidi amino tatu tofauti, unapata mipangilio sita, basi. Sukari tatu ndogo, glukosi na wenzake, zinaweza kutoa maumbo zaidi ya elfu moja, kwa kuwa sukari huungana kwa pembe mbalimbali na huota matawi. Tena jeni haziziandiki sukari hizi moja kwa moja. Jeni huandika vimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo vinavyoongeza sukari moja baada ya nyingine, kwa zamu, kutegemea hali ya seli ilivyo saa hiyo. Ndiyo maana sayansi ilichelewa kuzielewa. Kwa miaka mingi wataalamu waliziosha na kuzitupa ili wapate kuitazama protini iliyo chini yake, na nasema bila kusita kwamba uchelewaji huo umegharimu maisha ya watu, hasa wa nchi zetu.

Tulipopita Msambweni nilimwonyesha upande wa hospitali. Katika eneo hilo watafiti waliwapa watoto wachanga unga wa lishe wenye madini ya chuma, kwa sababu upungufu wa damu ni mkubwa pwani. Tatizo la chuma ni kwamba bakteria wabaya wa tumboni nao hukifurahia. Walipoongeza kwenye unga huo minyororo mifupi ya sukari iitwayo galaktooligosakaraidi, bakteria wema walishamiri na madhara ya chuma yakapungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Maziwa ya mama hufanya kazi hiyo hiyo siku zote: baada ya laktosi na mafuta, kinachofuata kwa wingi ndani yake ni sukari changamano za aina zaidi ya mia moja, na mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata moja. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake. Jirani yangu akanyamaza kitambo, akasema, "Kumbe Mungu alishawapangia hata hao wadudu chakula chao."

Kivukoni Likoni tulishuka wote, tukasukumana kwa adabu na umati mkubwa. Katika umati ule, kila mtu amebeba juu ya chembe zake nyekundu alama ya sukari aliyorithi. Kundi la damu A lina sukari moja ya ziada mwishoni mwa mnyororo, kundi B lina nyingine, AB lina zote mbili, na kundi O halina hata moja. Tofauti iliyogunduliwa na Karl Landsteiner mjini Vienna, ambayo huamua nani amtolee nani damu, ni hiyo tu. Kwa upande wa malaria ina uzito mwingine. Chembe zilizovamiwa hupenda kujikusanyia chembe nzima na kuziba mishipa midogo ya ubongo, na hutumia sukari za A na B kuzing'ang'ania. Penye O hushika kwa udhaifu. Mwenye damu O akiugua, hatari ya malaria kali kwake ni ndogo zaidi. Karibu nusu ya watu niliovuka nao huenda walikuwa na ulinzi huo bila kujua.

Baada ya Mtwapa, barabara ikapita Kikambala, kisha yakaja mashamba ya mkonge ya Vipingo, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, sawa na ya Mlingano na Ngomeni kwetu. Nyuzi za mkonge kwa sehemu kubwa ni selulosi, na selulosi ni glukosi tupu. Ugali wa mchana nao ni wanga, na wanga nao ni glukosi tupu. Kinachotofautisha kamba ya kufungia mashua na chakula cha mtoto ni namna glukosi moja ilivyoungana na inayofuata. Kiungo kikigeuzwa, tumbo la binadamu halikiwezi. Ukilitazama shamba la mkonge ukiwa unajua hilo, huwezi tena kusema kwamba sukari ni kitu chepesi.

Nilivuka daraja la Kilifi mchana, hori likiwa limejaa maji, mashua zimetia nanga upande wa Mnarani. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kipo pamoja na hospitali ya kaunti. Kilianza mwaka 1989. Jambo lililonivutia zaidi kuliko mashine zote ni hesabu ya watu. Tangu mwaka 2000 wahesabuji hupita nyumba kwa nyumba katika eneo la takriban kilomita za mraba 900, lenye wakazi zaidi ya 250,000, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mtoto akilazwa, hujulikana ametoka nyumba ipi. Bila daftari hilo, mtu angeweza kusema tu kwamba wodini wagonjwa wamepungua. Kwa daftari hilo, Kilifi iliweza kusema ugonjwa umepungua kwa kiasi gani miongoni mwa watoto wangapi.

Maabarani nilivishwa koti jeupe na kijana mtaalamu mwenye subira, Mgiriama wa Ganze, aliyeniita "mama" kila sentensi. Alinionyesha sahani zilizooteshwa bakteria. Sahani ya kahawia, inayoitwa agari ya chokoleti ingawa haina chokoleti, ni damu iliyopashwa moto ikachanganywa na agari. Bakteria aitwaye Hib hawezi kuota kwenye agari ya damu ya kawaida, anahitaji vitu vilivyofunguka ndani ya chembe za damu. Agari yenyewe ni sukari changamano itokayo kwenye mwani mwekundu. Kwetu Mkinga akina mama hulima mwani unaotoa ndugu yake, karagini, na sidhani kama wengi wao wameambiwa mali yao ni ya ukoo gani.

Kwenye sahani nyingine walikuwako nimokoki, bakteria wa nimonia na uti wa mgongo. Makoloni yao yaling'aa, na aina moja ilikuwa inateleza kama mlenda. Haishangazi, kwa kuwa utelezi wa mlenda nao ni sukari changamano. Utelezi wa nimokoki ni koti lake. Chembe nyeupe za damu zikitaka kummeza, zinakosa pa kushika. Kijana alichukua bakteria kidogo, akawachanganya na tone la seramu yenye kingamwili, akaniachia hadubini. Kando ya kila jozi ya bakteria palikuwa na duara angavu, nene, ambalo bila seramu halionekani. Kipimo hicho kilielezwa na Mjerumani Fred Neufeld mwaka 1902 na bado kinatumika. Nilitazama muda mrefu. Nilikuwa nimesoma juu ya koti hilo kwa miaka, na sasa nililiona kwa jicho langu, sukari iliyozika watoto wengi kuliko vita.

Kwamba koti hilo ni sukari kulijulikana New York mwaka 1923, kwa kazi ya Michael Heidelberger na Oswald Avery. Wengi hawakutaka kuamini; ilidhaniwa kwamba kinga huamshwa na protini tu. Kila aina ya nimokoki ina koti la sukari yake, na aina hizo zimepita 90. Chanjo za mwanzo zilikuwa sukari tupu iliyosafishwa, na kwa watu wazima zilifanya kazi. Kwa Hib, Marekani iliidhinisha chanjo ya namna hiyo mwaka 1985. Lakini mwili wa mtoto chini ya miezi 18 huiona sukari tupu na kuipuuza, na Hib huua hasa watoto wa umri huo. Seli za kinga zinazoagiza kumbukumbu ya kudumu husoma vipande vya protini. Sukari peke yake haiziamshi.

Dawa ya hilo nayo ilikuwa imeonekana zamani. Mwaka 1929 Avery na mwenzake Walther Goebel walishaonyesha kwamba sukari ikifungwa kwenye protini, mwili hujibu. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla John Robbins na Rachel Schneerson, na timu nyingine ya David Smith na Porter Anderson, kuifunga sukari ya Hib kwenye protini na kuifanya chanjo. Seli ya kinga huimeza sukari pamoja na protini yake, huonyesha vipande vya protini kwa seli saidizi, hupewa idhini, na kingamwili zinazotoka ni za kuikamata sukari. Mwaka 1990 watoto wachanga wa Marekani walianza kuchanjwa. Wa Kenya walianza Novemba 2001. Wa kwetu Tanzania, mwaka 2009. Naziandika tarehe hizo tatu kwa kufuatana kwa makusudi. Wacuba hawakukubali kungoja: Vicente Vérez-Bencomo na wenzake mjini Havana waliiunda sukari ya Hib wenyewe kwa kemia, bila kumfuga bakteria, na kuitangaza mwaka 2004. Nchi maskini iliweza.

Sasa Kilifi. Kabla ya chanjo, katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano, watoto 66 kwa mwaka waliugua Hib iliyoingia kwenye damu au uti wa mgongo. Miaka mitatu baada ya chanjo kuanza, kiwango kilikuwa 7.6. Januari 2011 ikaja chanjo ya nimokoki yenye aina kumi za sukari. Kilifi iliwachanja hata watoto wakubwa zaidi waliokuwa bado chini ya miaka mitano, na ugonjwa mkali wa aina hizo kumi ukashuka kutoka 60.8 hadi 3.2 kwa kila watoto 100,000. Hata vichanga ambao bado hawajafikia umri wa sindano, na watu wazima ambao hawakuchanjwa, waliugua kidogo zaidi, kwa sababu watoto waliochanjwa waliacha kuwabeba bakteria hao puani kwa wingi na kuwaambukiza. Mtaalamu aliyenieleza takwimu hizo alizisema kwa sauti ya kawaida, amekwisha kuzizoea. Mimi niliomba azirudie.

Chanjo hiyo ni ghali, na fedha za wafadhili zina mwisho. Kwa hiyo Kilifi ilijaribu dozi ndogo, na mwaka 2024 yakachapishwa matokeo kwamba chanjo yenye aina 13 za sukari, ikitolewa asilimia 40 tu ya dozi kamili mara tatu, ilitoa kinga isiyopungua ile ya kawaida. Wizara zetu za afya zingepaswa kukaa na matokeo hayo mezani.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda zahanati moja nje ya mji, upande wa Tezo. Benchi lilijaa akina mama na watoto wa wiki sita, kumi, kumi na nne. Muuguzi alikuwa na mikono myepesi: chanjo ya pentavalenti, ambamo sukari ya Hib imo, paja la kushoto, ya nimokoki paja la kulia, vilio viwili, kisha ziwa. Mwishoni mwa benchi alikaa bibi mmoja na mjukuu wake. Mama wa mtoto anafanya kazi Mtwapa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali, nakusikia."

Aliniambia habari za mwanawe wa pili, aliyezaliwa kabla ya chanjo hizi. Alipokuwa na miezi minane shingo ilikaza, macho yakaenda juu. Walimfikisha hospitali usiku. "Alipona, lakini masikio hayakurudi." Sasa ni mtu mzima, seremala hodari, huzungumza na wateja kwa mikono. Kisha akamgeukia muuguzi. "Hii sindano ya leo ingekuwako wakati ule, mwanangu angekuwa anasikia?"

Muuguzi aliweka bomba la sindano chini kabla ya kujibu. "Huenda asingeugua kabisa, nyanya."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, akamkaza mjukuu kifuani. Baada ya muda akaniuliza kama watoto wa Muheza nao wanazipata. Nikamwambia wanazipata, ya Hib tangu 2009 na ya nimokoki tangu 2013. Akauliza basi mimi nimefuata nini huku kote. Nikamweleza habari za dada yangu, na za sukari ile ya kwenye kondo ambayo kimelea hung'ang'ania. Alinisikiliza mpaka mwisho, naye akasema amezika mjukuu wa namna hiyo, wa binti yake mkubwa, mimba ya kwanza. "Na hiyo chanjo yake ni ipi?"

Nikamwambia bado haipo. Wajawazito hupewa kliniki vidonge vya SP vya kuzuia malaria na vyandarua, na vyote viwili ni lazima wavitumie, lakini sindano ya kumfundisha msichana kukikamata kishikio cha kimelea kabla hajabeba mimba haijafika zahanati yoyote. Zipo mbili zilizoanza kujaribiwa kwa binadamu, moja Ujerumani na Benin, nyingine Ufaransa na Burkina Faso, na hazijavuka hatua za mwanzo. Sukari yenyewe imejulikana tangu 1996.

"Waje na huku," alisema. "Waambie. Wasichana tunao."

Nikaitoa kalamu nikaandika jina la zahanati na la chifu wa eneo, kwa sababu alisisitiza niandike.